Jina Lisiloitwa

Taipureta ndiyo iliyoleta maneno ya kwanza. Ilishushwa kwenye gari la watu wa filamu, ikapanguswa vumbi, ikawekwa juu ya meza ndogo ya dirishani katika nyumba ya Mama Priscilla, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Binti yake, Nailantei, aliyekuwa ameomba ruhusa katika duka la vifaa vya ujenzi anakofanya kazi Kitengela, aliitazama akashika kiuno.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya mwandishi," akasema Valerie Aketch, dairekta wa filamu. "Ni ya ndugu yako."

"Ndugu yangu hajawahi gusa hiyo kitu. Alikuwa anaandika na simu. Ile ndogo ya kioo imepasuka."

Valerie alivua miwani, akaisugua kwa ncha ya shati. Hakuwa mtu mbaya. Alizijua hadithi za huyo ndugu, sasa marehemu, kutoka kwenye shindano ambalo yeye alikuwa mmoja wa wasomaji. Alizipigania mpaka akagombana na wenzake, lakini hazikuchaguliwa. Aliposikia baadaye kwamba kijana yule amegongwa na lori pale Isinya, alimlilia mtu ambaye hakuwahi kumwona. Filamu hii ilikuwa deni lake la moyoni.

"Eunice," akasema, kwa maana watu wa mjini walimwita Nailantei kwa jina lake la ubatizo, "mtu akibonyeza simu kwa skrini, watu wataona kijana anachati na msichana. Wakiona taipureta, wanajua ni mwandishi."

"Hata kama hakuwa nayo?"

"Hata kama."

Hapo ndipo penye tabu ya filamu za waandishi. Mwenye bucha hukata nyama, fundi hupiga msumari, mchungaji huswaga ng'ombe, na kamera ikashiba. Lakini mwandishi akiwa kazini amekaa tu, kama mtu aliyeambiwa asubiri daktari. Basi wenye kamera humtafutia shughuli. Humpa taipureta, humpa sigara na chupa, humwambia akunje karatasi na kuitupa kwa hasira. Wanyonyi, mwigizaji aliyetoka Bungoma kuja kumwigiza mwandishi, alikuwa amekunja rundo zima tangu asubuhi, na Mama Priscilla alikuwa akimfuata nyuma, akiziokota na kuzinyoosha juu ya goti, maana zilikuwa safi pande zote mbili na hakuona zimekosa nini.

Mama alimpenda Wanyonyi. Alipofika, kijana alimwinamishia kichwa kama Nailantei alivyomfundisha, naye akamwekea kiganja utosini na kumuuliza habari za mama yake. Sasa alimtazama akigongagonga ile mashine, akatikisa kichwa.

"Wangu hakuwa na makelele," akasema. "Alikuwa anakaa hapo kwa mlango. Midomo inatembea, sauti hakuna. Kama mbuzi anacheua."

Wanyonyi akaiacha taipureta, akaketi kizingitini, akaishika simu yake mwenyewe kwa mikono miwili na kuanza kutembeza midomo. Mama akacheka, akapiga paja. Kisha akaacha kucheka, akatazama pembeni, kwa sababu kijana alikuwa amepatia.

Valerie aliona hayo yote. Alimnong'oneza mtu wa kamera, na taipureta ikarudishwa garini. Nailantei akajiambia kwamba mambo yatakwenda vizuri, akaenda kuweka chai, na moyoni alijua kuna jambo hajalisema.

Jambo lenyewe lilikuwa jina. Katika nyumba ile, kijana akifa hajaoa wala hajaacha mtoto, jina lake huzikwa naye. Halitajwi tena. Baba yao, aliyeacha watoto, alitajwa kila siku na hakuna aliyeshtuka. Lakini mwana huyu, tangu udongo ulipofunika jeneza, alikuwa "yule", au "ndugu yako", au kimya. Nasi tukiwa bado nyumbani kwa mamake tutafuata adabu yake. Siku hizi wengi mjini hawajali desturi hiyo. Mama Priscilla alikuwa amebatizwa, akiimba katika kwaya ya akina mama, na alizishika desturi zote mbili, ya kanisa na ya nyumbani, kila moja kwa mkono wake.

Na filamu ilikuwa imepewa jina la marehemu. Ndilo lilikuwa jina la filamu, neno moja tu. Nailantei aliliona Kitengela siku ya kutia saini, kalamu ikasita, kisha akajiambia kwamba Mama ameokoka, hatajali. Akatia saini.

*

Watu wa filamu wana mazoea yao ya kazi. Mwigizaji akishavaa nguo za mhusika, humwita kwa jina la mhusika mpaka jioni, akinywa chai ni hilo, akienda chooni ni hilo, ili asitoke nje ya mtu anayemwigiza. Asubuhi walikuwa ndani ya nyumba na walinong'onezana. Baada ya chakula wakatoka kupiga picha ya mwandishi akirudi na ng'ombe. Walimwomba Mama aondoe tangi lake la maji la plastiki kwa vile linaharibu picha, akaliondoa, na ndoo zake na kamba ya nguo vikalifuata. Alisaidia bila neno, kama mtu anayehamishwa katika nyumba ya wenyewe.

Wanyonyi alikuwa mbali, huko kwenye migunga, na upepo ulikuwa ukivuma. Ochola, msaidizi wa dairekta, mwenye kifua kikubwa, akaweka mikono mdomoni akaita lile jina. Kijana hakusikia. Ochola akaita tena, akilivuta, kama mtu anavyomwita mwenzake chakula kikiwa tayari.

Mama Priscilla alikuwa akisuuza vikombe. Nailantei alimwona akigeuka kuelekea lango la boma, na kwa kitambo kidogo sana uso wake ukafunguka wote. Nailantei hakuwa ameuona uso huo tangu mazishi, na alitamani ardhi immeze. Kisha Wanyonyi akatokea nyuma ya ng'ombe akipunga mkono, na uso ukafungwa. Mama aliweka kikombe chini taratibu, akaingia ndani, akasukuma komeo.

*

"Yeyo, fungua," Nailantei akamwita mama yake kwa lugha ya nyumbani.

"Hao watu wameenda?"

"Bado."

"Basi bado."

Nailantei aliketi kizingitini, mgongo ukiegemea mlango. Mbele yake Valerie na watu wake walikuwa wamesimama wakijifanya wanakagua nyaya.

"Yeyo, hawakujua. Ni makosa yangu. Mimi ndiyo sikuwaambia."

Mama alipozungumza, sauti ilitoka karibu sana, kana kwamba naye ameketi upande wa pili akiegemea mbao zilezile.

"Mimi najua amekufa," akasema. "Sijasahau. Lakini mtu akiitwa anaitika, Nailantei. Nilisikia, na masikio yangu ikangoja. Mimi, mama mzima wa kanisa, nilingoja aitike. Halafu akatokea huyo mtoto wa watu." Akavuta pumzi. "Kesho wakiita, nitangoja tena. Sina nguvu ya hiyo kazi."

"Nitawaambia waache."

"Wataacha? Si umeweka sahihi."

Nailantei akaviangalia vidole vilivyoshika kalamu.

"Mimi nitaenda kwa dada yangu Entarara. Wakae hapa waite mpaka wachoke. Lakini nikitoka sirudi. Siwezi lala kwa nyumba yenye mtu ameitwa na hakuja."

*

Valerie alisikiliza maelezo yote akiwa ameketi juu ya sanduku la taa. Hakubisha mara moja, na hilo lilimwogopesha Nailantei zaidi.

"Kwa hivyo ndiyo sababu," akasema mwishowe. "Tumekunywa chai Kitengela mara ngapi? Wewe ni 'ndugu yangu, ndugu yangu'. Nilidhani ni uchungu."

"Ni uchungu pia."

"Eunice, jina yake iko kila ukurasa. Mamake anamwita, mwenye duka anamwita, rafiki zake wanamwita. Ni filamu ya mtu aliyekuwa anatafuta jina. Unakumbuka wachapishaji walikuwa wanamjibu aje?"

"Nakumbuka."

"'Mwandishi mpendwa, tunasikitika.' Kila mmoja. Hakuna hata mmoja alijisumbua kuandika jina yake. Sasa na mimi nimfanye vile walimfanya?"

Maneno hayo yalichoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Marehemu alikuwa akiuza katika duka la dawa za mifugo Kitengela, akilala sebuleni kwa dada yake na shemeji yake. Jibu la wachapishaji likiingia kwenye simu, alilisoma kwa sauti, akacheka, akasema, "Hata jina hawajasumbuka." Kisha alikwenda kuosha vyombo vyote bila kuambiwa, na hapo ndipo Nailantei alipojua kwamba ameumia. Jioni alichukua maboksi matupu ya dawa za kupe, akayakata, na upande wa ndani ulio safi akachora majalada ya vitabu ambavyo havikuwapo. Jina lake lilikuwa kubwa kuliko jina la kitabu. "Hapa ndipo watu waanze kusoma," alikuwa akisema.

Nailantei alimpigia mumewe simu jua likianza kushuka. Ndambuki alikuwa Mkamba mpole, msema kweli kupita kiasi, na marehemu alikuwa rafiki yake.

"Mimi mwenyewe," Ndambuki akasema, "hiyo jina ya nyumbani nilikuwa naisoma tu kwa maboksi yake. Tulikula na yeye meza moja nikimwita shemeji. Wewe tangu mazishi hujaisema."

"Sasa nifanye nini? Nikisimamisha filamu, ndiyo amezikwa kabisa. Nikiacha iendelee, Mama anahama."

"Sijui, Eunice. Lakini yule kijana alipenda nani zaidi, jina yake ama mama yake?"

Alimkasirikia kwa swali hilo, akakata simu. Lilikuwa swali la kijinga. Hakuna aliyewahi kumlazimisha ndugu yake kuchagua mpaka yeye alipotia saini.

*

Asubuhi Mama alikuwa akifunga mizigo. Shuka mbili, birika, Biblia ya kusomewa na wengine, na ushanga aliokuwa hajaumaliza. Watu wa filamu walikuwa wamelala mjini Kajiado. Valerie alikuwa ameambiwa asilete gari mpaka aitwe. Nailantei alikunja nguo za mama yake. Kila aliyeingia nyumba ile alisalimiwa kwa "takwenya" na akajibu "iko". Asubuhi hiyo salamu ilipita kati yao kama kitu cha kulipia.

Mwisho kabisa Mama alipanda kwenye kigoda, akachomoa msumarini kipande cha boksi kilichokuwa juu ya kitanda chake. Kilikuwa kimepauka. Kilikuwa na mchoro wa Nado, ng'ombe wake mwekundu aliyekufa kwa ukame, amesimama akitazama pembeni kwa kiburi chake kilekile. Mama akakipulizia vumbi, akaanza kukifunga ndani ya shuka.

Nailantei aliona herufi zilizokuwa juu ya mgongo wa ng'ombe, kubwa, za wino mweusi. Alikuwa ameziona mara nyingi akazipita. Angeweza kunyamaza hata sasa.

"Yeyo, hapo juu unajua ni nini?"

"Wapi?"

"Juu ya Nado."

Mama alikitazama kile kipande kama anayeulizwa jambo la kitoto. "Si ni ua ya boma. Ng'ombe ako ndani, hizi ni miti." Akapitisha kidole juu ya herufi, moja baada ya nyingine. "Hii imevunjika kidogo. Hii imesimama. Hii imelala kama mwiba. Alikuwa hajui kujenga ua, lakini kuchora alijua."

"Yeyo, hiyo si ua. Ni maandishi."

"Ya ng'ombe?"

"Hapana."

Mama alielewa. Aliondoa kidole haraka, kama aliyegusa sufuria, kisha akaketi kitandani, boksi likiwa mapajani. Nje kuku walikuwa wakiparura mahali pale ambapo tangi lilikuwa limekaa.

"Tangu lini?"

"Tangu alipokuletea."

"Akiwa hai."

"Ndiyo."

"Na mimi nimelala chini yake siku hizi zote."

"Ndiyo, Yeyo. Nisamehe."

Mama hakusema kama amesamehe. Aliinamia ule ua wake, akautazama kwa muda mrefu, uso ukiwa mgumu, kisha ukalegea kidogo.

"Halijaniita," akasema. "Hata siku moja. Limenyamaza tu hapo na mimi."

"Maandishi yanakaa hivyo."

"Na yeye ndiyo alitaka? Watu waone hii?"

Nailantei akamwambia. Alimwambia habari za wachapishaji na "mwandishi mpendwa", vyombo vilivyooshwa, maboksi ya dawa za kupe, jina lililokuwa kubwa kuliko kitabu. Hakuwahi kumwambia mama yake mambo hayo, kwa kuwa yalikuwa mambo ya mjini na ya aibu. Alipokuwa akiyasema alilia, na hakujificha. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"La kuitwa tulizika," akasema. "Nilikuwa hapo, nilishika udongo na hii mkono. Hii ingine sikujua iko, kwa hivyo sikuizika." Akapanda tena kigodani, akakirudisha kipande cha boksi msumarini. "Mwambie huyo mama wa kamera waandike. Waandike kubwa vile wanataka. Lakini mtu asifungue mdomo."

*

Valerie aliona ni mzaha. Halafu akaona ni maafa. Filamu nzima ya mtu asiyeitwa, itasikikaje? Alitembea kutoka gari mpaka zizini na kurudi, akiwa na mswada mkononi na kalamu nyekundu mdomoni, akikata jina ukurasa baada ya ukurasa. Kila alipokata, ilibidi atafute neno lingine la kuweka, na kwa hilo alikuja kumuuliza Nailantei.

"Mwenye duka alikuwa anamwita nani, kwa kweli?"

"'Wewe wa dawa.'"

"Na landilodi yenu?"

"'Yule shemeji wa huko ndani.'"

"Rafiki zake?"

"'Prof.' Walikuwa wanamcheka."

"Na wachapishaji tunajua." Valerie akaacha kutembea. Alikaa juu ya sanduku la taa, akasoma upya kurasa alizokata, na mkono wake ukapanda mdomoni. Hakuna mtu katika maisha yale aliyehitaji kubuniwa neno la kumwita. Jina lake lilikuwa limetumiwa na mama yake na dada yake tu, na sasa hata wao hawakulitumia. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amelitia midomoni mwa watu wote wale, kwa kumhurumia.

"Na mama yake kwa filamu amwite nani?"

Nailantei hakujua. Ni Mama mwenyewe aliyejibu, akitokea na chai ya watu wote, kikombe cha Ochola kikiwa kimejazwa kama vya wengine, ingawa hakumtazama machoni.

"Amwite *ero*," akasema. "Kijana wangu. Mtoto yeyote anaweza itwa hivyo, na hakuna mwenye ataumia."

Tangu hapo Ochola alimwita Wanyonyi kwa jina lake mwenyewe, kwa sauti ya chini, akiwa amemkaribia.

*

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa kanisa, Kajiado, kabla haijapelekwa kwingine kokote. Hilo Valerie alilikubali bila kuombwa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, kitambaa cheupe kikatundikwa mbele, na watu wakajaa, wengi wao wakija kuwaona ng'ombe wa jirani wakiwa kwenye skrini. Mama Priscilla aliketi safu ya mbele, kati ya Nailantei na Ndambuki, amevaa ushanga wake wote.

Walicheka pale mwenye duka alipopiga kelele, "Wewe wa dawa, toka kwa hiyo simu." Walinyamaza pale kijana aliposoma jibu la wachapishaji, akacheka, akaenda kuosha vyombo. Hapakuwa na taipureta wala karatasi iliyokunjwa. Kulikuwa na kijana ameketi kizingitini, midomo ikitembea, kwa muda ambao mtu wa filamu mwenye akili timamu hangethubutu, na hakuna aliyekohoa. Lori halikuonyeshwa. Kilionyeshwa kizingiti kile kile, kitupu, mchana, kuku akipita.

Kisha skrini ikawa nyeusi, na katikati yake, kwa herufi nyeupe zilizoenea kutoka ukingo mpaka ukingo, likaandikwa:

KISEMEI

Hakuna aliyelisoma kwa sauti. Mchungaji, aliyekuwa na mazoea ya kusoma kila kitu kwa sauti kwa ajili ya wasiojua, alifungua mdomo akaufunga.

Mama akainama mbele. "Ni ule ua," akamwambia Nailantei.

"Ndiyo wenyewe, Yeyo."

"Wameujenga vizuri kuliko yeye."

Herufi zikaanza kufifia. Viti vikalia, watu wakaanza kunyanyuka, mtu akavuta blanketi la dirisha la kwanza. Mama aliushika mkono wa binti yake kwa nguvu.

"Mbona wanatoa?"

"Imeisha, Yeyo. Ndiyo mwisho."

"Waambie warudishe. Kidogo tu."

Nailantei alipenya katikati ya watu mpaka nyuma ukumbini, alikokuwa Valerie na laptopu yake. Hakuhitaji kueleza. Valerie alibonyeza, na jina likarudi, likakaa. Waliokuwa wamesimama waliliona, wakamwona na mama aliyekuwa bado ameketi, wakakaa tena mmoja mmoja.

Akirudi kwa ubavuni mwa ukumbi, Nailantei aliuona uso wa mama yake kwa upande, mwanga wa skrini ukiwa umeuangukia. Midomo ilikuwa ikitembea, na sauti hakuna. Alisimama pale pale, hakurudi kwenye kiti chake mpaka midomo ile ilipotulia.